Blanketi la Butoyi

Asubuhi niliyoanza safari yangu ya kazi sikujua kwamba ni safari, wala kwamba mbele yake kuna kazi. Dada yangu alinituma chumvi dukani, pale Urambo, na njia ya dukani ilipita stesheni. Treni ilikuwa imesimama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nilishaiacha darasa la sita baada ya kumwuliza mwalimu swali moja mara nyingi kuliko alivyopenda, na sikuwahi kujua treni zile zinakwenda kuishia wapi. Nikapanda ili nikaone. Dada yangu mpaka leo, kila nikimtembelea, kabla ya salamu huuliza, "Chumvi iko wapi?"

Watu huniuliza kwa nini nilichagua Kigoma. Sikuichagua. Reli iliishia pale.

Ninawaandikia ninyi mnaoshika kazi ya kuchangisha baada yangu, hasa mnaotuma ujumbe mmoja kwenye simu za watu wa kundi zima kisha mkashangaa wote wamekaa kimya. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo havikuwepo, na mshahara wetu ulikuwa na haya, haukupenda kuonekana mbele za watu. Nitaeleza milango, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa milango: kusimama mbele yake, kuomba kitu kwa ajili ya mtu ambaye mwenye nyumba hajamwona, na kutazama uso wake unavyofanya.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa mpagazi wa magunia ya dagaa Kibirizi. Kisha Burundi ikaungua, na baadaye Kongo, na watu wakaanza kuvuka ziwa wakiwa na godoro, mbuzi, cherehani, au mikono mitupu. Mjini ikaundwa kamati ya kukusanya nguo, vyombo na matandiko ili watu wapate cha kujifunika kabla ya malori kuwapeleka kambini. Kamati ilitafuta mtu anayeifahamu milango ya Kigoma na Ujiji. Mimi niliifahamu mingi, kwa kuwa nilishafukuzwa kwenye mingi.

Siku ya kwanza nilipewa barua yenye muhuri, kofia, na maneno ya kusema. Maneno yalikuwa ya mwenyekiti wetu, mtu mwema aliyependa sana neno "maelfu". Nikaanzia Kibirizi, maana kule walinijua. Nikasimama katikati ya vichanja vya kuanikia dagaa, nikavua kofia, nikapaza sauti:

"Ndugu wananchi, maelfu ya wenzetu wamevuka ziwa, maelfu hawana chakula wala—"

"Wewe mpagazi!" mama mmoja akanikatiza. "Jana uliangalia juu?"

"Juu wapi, mama?"

"Mwezi ulikuwa kama sinia! Unakuja kuomba dagaa siku za mwezi? Hebu angalia vichanja. Unaona dagaa, au unaona mbao?"

Niliona mbao. Miaka miwili nimebeba magunia pale na bado nilisahau kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi hawashuki majini, na Kibirizi nzima hukaa ikishona nyavu na kutafuta mtu wa kumcheka. Siku ile walinipata mimi.

Aliyemaliza kazi alikuwa Mzee Lubunga. Alikuwa na mitumbwi mitatu yenye mashine, na sifa ya kutowahi kumpa mtu kitu chochote isipokuwa maoni. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, sindano ya nyavu mdomoni. Akaitoa taratibu.

"Maelfu, eh?" akasema. "Nikikupa dagaa wangu mmoja, hao maelfu watagawanaje? Huyu jicho, yule mkia?"

Ufukwe mzima ukacheka. Jifunzeni hapo: watu wakishaanza kucheka pamoja, hakuna atakayejitenga na kicheko ili atoe kitu. Nilirudi na kitunguu kimoja. Kofia ilichukuliwa na upepo.

Kesho yake kamati ikanipeleka Ujiji kwa Bi Tausi. Asubuhi aliuza vitumbua, mchana alishona mapazia, na alikuwa akikusanya michango ya misiba na harusi za mtaa tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kurudia neno.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Jana ulipata nini?"

"Kitunguu."

"Kizima?"

"Kizima."

"Basi hujashindwa sana. Kaa."

Akatoa kapu la ukindu, lisilo na mfuniko, akaweka ndani nguo chache zilizofuliwa, na juu yake taulo jipya la bluu, bado na mkunjo wa dukani.

"Kapu lisitembee tupu," akasema. "Mtu akiona kapu tupu anajua wenzake wote wamekataa, na yeye hataki kuwa mjinga wa kwanza. Lakini lisijae. Likijaa atasema hawa wameshashiba. Acha nafasi ya mkono wake."

"Na taulo?"

"Taulo ni la kuangaliwa. Likikaa taulo zuri juu, mtu anaona aibu kuweka kaptura iliyotoboka. Halitolewi."

Na kweli halikutolewa. Nimefanya kazi na watu wengi waliojituma, lakini sijaona aliyefanya kazi kama taulo lile, miaka yote bila likizo wala kulowa.

Nilitembea na Bi Tausi karibu mwaka mzima. Alinifundisha nisisimame katikati ya mlango bali pembeni kidogo. Mtu uliyemzibia njia hutoa ili uondoke, na kesho akikuona mbali anapita uchochoro mwingine. Alinifundisha kuomba kitu chenye jina. Ukisema "chochote ulichonacho", mtu anazungusha macho nyumba nzima na haoni kitu. Ukisema "kikombe", anaona vikombe sita na kumbe anatumia vinne. Ugumu wangu mkubwa ulikuwa kunyamaza. Nilikuwa na tabia ya kuwasaidia watu kukataa. Nikishaomba, nikaona uso umekunjamana, naongeza haraka, "Lakini kama huna si mbaya, mama, hata siku nyingine." Na mama anafurahi: "Ndiyo, mwanangu, siku nyingine!" Bi Tausi alikuwa akinifinya mgongoni kila nikianza ile "lakini". Nilirudi nyumbani na alama.

Mimi mdadisi tangu utoto, kwa hiyo nilianza kuwachunguza watu kama mwingine anavyochunguza ndege. Kuna waliolia machozi tukieleza habari za wakimbizi, wakatushukuru kwa kazi nzuri, wakafunga mlango. Kuna waliofoka kwamba wageni wanamaliza kuni na kupandisha bei ya mihogo, wakafoka mpaka ndani, wakarudi na sufuria huku bado wanafoka. Nikajifunza kutomkimbia anayelalamika. Huyo bado anazungumza na wewe. Bwana mmoja wa mtaa wa Mwanga alitoa kiatu cha mguu mmoja. Nilipomwuliza cha pili, alisema nisiwe na haraka, kinatafutwa. Na kuna zile nyumba za Ujiji ambazo babu zao walivuka maji kutoka upande wa Kongo. Hizo zilitoa kabla sijamaliza sentensi, na hazikutaka kusikia habari yenyewe. Walikuwa nayo ndani tayari.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mengine yote niliyoyajua baadaye yalitoka hapo.

Kando ya ziwa kulikuwa na kibanda kikubwa cha turubai ambako waliovuka walikaa siku chache wakisubiri malori. Asubuhi moja nikiwa napeleka nguo nikaona mtoto wa miaka kama miwili amelala juu ya mfuko mtupu wa saruji, amejikunja kama kamba. Mama yake alikuwa pembeni na vikombe viwili vya uji. Mgawaji wa uji alikuwa ananung'unika: "Huyu mama ana mtoto mmoja, kila siku anataka vikombe viwili. Anampa kimoja, kingine anakiweka mpaka uji unaganda." Mimi nikaona ni woga wa njaa tu. Nikauliza jina la mtoto. "Bukuru," mama akasema.

Jina lile likanifungulia mji. Niliacha "maelfu" kabisa. Nilibisha hodi, nikasimama pembeni, nikasema: "Kuna mtoto anaitwa Bukuru, ana miaka miwili, ana kovu dogo juu ya jicho la kulia na masikio yaliyochomoza. Analala juu ya mfuko wa saruji. Ninamtafutia blanketi." Kisha nikanyamaza. Watu ambao kwa maelfu walinipa kitunguu, kwa mtoto mmoja walinipa shati, kikombe, sabuni, ndizi. Sikujua kwa nini moyo wa mtu unaona vizuri zaidi ukionyeshwa kitu kidogo, na bado sijui, lakini nimeuona ukifanya hivyo kwa miaka yote.

Nilikuwa natembea kwa maringo. Nikafika sokoni kwa Mama Skola, Muha wa Kasulu aliyeuza maharage, mwanamke mwenye mikono mikubwa na masikio makubwa zaidi. Nikamweleza Bukuru wangu, kovu, masikio, blanketi. Nikanyamaza.

Mama Skola naye akanyamaza. Kisha akauliza, "Na Butoyi?"

"Butoyi gani?"

Akaweka chini kopo la kupimia. "Wewe si Mnyamwezi? Kwenu mapacha mnawaitaje?"

"Kulwa na Doto."

"Ukisikia mtoto anaitwa Kulwa, unauliza nini?"

"Nauliza Doto yuko wapi."

"Ehee! Sasa Bukuru ndiye Kulwa. Butoyi ndiye Doto. Kwetu hivyo, na Burundi hivyo hivyo. Umezunguka mji mzima unamwombea pacha mmoja! Watu wamempa shati moja? Yoo! Mnataka kuua mtoto?"

Wauza mchicha wakasogea. Akanigeuza niwatazame, kama ushahidi. "Mwangalieni huyu! Pacha hapewi kitu peke yake! Ukimpa mmoja, mwenzake anaugua! Kila Muha anajua, hata mbwa wa Muha anajua!"

Blanketi moja alikataa kunipa. Alinipa mawili, yanayofanana, na akawaambia wenzake. Kwa siku mbili zilizofuata kapu langu lilikuwa kama safina ya Nuhu: vikombe viwili, mashati mawili, kandambili jozi mbili za rangi moja. Walionipa shati moja mwanzoni walinikimbilia njiani na la pili. Hata yule bwana wa Mwanga alikileta kiatu cha pili.

Nitasema ukweli, maana nimestaafu na hakuna wa kunifukuza. Nilifurahi. Nililala chali nikiwaza kwamba nimegundua njia: kila mtoto nitakayemwombea nitamwita Bukuru, na kapu litajaa mara mbili. Nilimweleza Bi Tausi nikitabasamu.

Hakutabasamu. "Huyo wa pili umemwona?"

"Hapana."

"Umepewa vitu vya watu wawili. Mpelekee wa pili. Ukimpa mtu mwingine, umewadanganya waliotoa, na hutasimama tena kwenye mlango wa mtu na kapu langu."

Nikamchukua Mama Skola anisaidie lugha, tukaenda kibandani. Mama yake Bukuru alipoona mablanketi mawili alikaa chini. Hakulia mara moja. Mama Skola alimwuliza kwa Kiha, akajibiwa kwa Kirundi, lugha zile zinasikilizana kama dada na dada, na mimi nikafasiriwa kipande kwa kipande.

Walitoka ufukweni kwao kwa mitumbwi miwili yenye mashine ndogo, usiku wa Jumatatu ya wiki iliyopita, kwa haraka. Yeye alimbeba Bukuru, mdogo wake wa kike alimbeba Butoyi. Upepo ukapanda, asubuhi ule mtumbwi wa pili hawakuuona tena.

"Kwa nini hukuwaambia waandikishaji?" nikauliza.

Mama Skola akauliza, akasikiliza, akajifuta uso kwa upande wa kanga kabla ya kufasiri. "Anasema walimwuliza, mko wangapi hapa. Akawatajia waliokuwa hapa."

Hivyo ule uji wa kikombe cha pili ulikuwa wa Butoyi. Kila siku aliuomba, akauweka, ukaganda, akaumwaga, kesho akauomba tena, ili isije ikasemwa kwamba mama alilisha mmoja.

Ilikuwa Alhamisi. Malori ya kambini yalikuja Jumamosi. Akishapanda lile lori, anaondoka ufukweni, na kama kuna mtumbwi uliofika mahali fulani na mtoto mwenye masikio yaliyochomoza, hawezi kusikia habari zake. Mimi nilikuwa nimejaza kapu kwa jina la mtoto ambaye labda yuko chini ya maji. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikuwa na hamu ya kuuliza swali lolote.

Nilipomsimulia, Bi Tausi akauliza lile lililobaki. "Nani anayajua maji haya kuliko wote?"

"Mzee Lubunga. Lakini hatatoa mtumbwi. Hajawahi kutoa hata dagaa."

"Nani kasema umwombe? Ulimwomba kitu chake, akakataa. Sasa mwulize anachokijua, kisha nyamaza kama nilivyokufundisha."

Mwezi ulikuwa mpevu tena, na safari hii niliangalia juu. Vichanja vilikuwa vitupu, mitumbwi imevutwa mchangani. Mzee Lubunga alikuwa palepale na sindano yake.

"Mwakeye, mzee," nikamsalimu kwa Kiha.

"Maelfu! Umekuja kuchukua lile jicho?"

"Nimekuja na swali. Mtumbwi umetoka upande wa Burundi, Jumatatu ya wiki iliyopita usiku, umejaa watu, mashine ndogo. Upepo ukapanda. Ungetupwa wapi?"

Nikafunga mdomo. Nilijifinya mwenyewe mgongoni.

Mzee akaiweka sindano chini. Akachukua reki ya kutandazia dagaa, akachora ziwa mchangani, refu kama muhogo. "Jumatatu ile upepo ulitoka kaskazini," akasema. "Mashine ndogo? Imezimika. Hawakufika huku kwetu. Wamepita mbele ya Bangwe bila kutuona." Reki ikashuka. "Hapa mto Malagarasi unatoka, maji yanasukuma nje. Wamesukumwa. Halafu yanarudisha. Hapa kuna kijiji, hapa kingine, hapa cha tatu. Kama hawakuzama, wako kwenye kimoja kati ya hivi."

"Asante, mzee. Nitatafuta mtu wa kunipeleka, nimwelekeze hivyo hivyo."

"Umwelekeze nani?" Akasimama. "Wewe hujui hata mwezi! Utampeleka mtu akapasue chombo kwenye mawe ya pale." Akachora mawe, akayafuta, akayachora upya mahali sahihi zaidi. Akaangalia mchoro wake kama mtu aliyechokozwa. "Nitakwenda mwenyewe. Lakini si msaada, tuelewane. Nakwenda kuangalia bei za nyavu upande ule."

"Sawa, mzee."

"Na petroli sina."

Petroli ilichangwa sokoni kwa dakika chache, kwenye chupa za soda. Mama Skola alipita nayo akitaja majina mawili tu, Bukuru na Butoyi. Hakuna aliyeniuliza kama ninao uhakika.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, mimi na Mzee Lubunga, na blanketi la pili ndani ya kapu. Kijiji cha kwanza hawakuona kitu. Cha pili walisikia kwamba cha tatu kuna wageni. Njiani mzee hakuzungumza ila kunieleza majina ya mawe. Mchana tukaingia kijiji cha tatu, nyumba za udongo zimepanda mlima kutoka mchangani, na kabla mtumbwi haujagusa nchi nikamwona Bukuru anamfukuza kuku.

Nilipiga kelele jina lake. Mtoto hakugeuka. Kovu halikuwepo. Lakini uso ule nilikuwa nimeueleza kwenye milango ya mji mzima, nilikuwa naujua kuliko wangu: masikio yale, kidevu kile. Mzee Lubunga, ambaye hakuwahi kumwona yeyote kati yao, akaniuliza, "Ndiye?" na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Feza, mwanamke wa makamo, wazazi wake walitoka upande wa Kongo zamani. Yule mama mdogo wa watoto alikuwa jikoni kwake anapika ugali kama mtu wa nyumbani. Walikuwa tisa kwenye mtumbwi ule. Mama Feza aliwachukua watano, jirani zake wanne. Hapakuwa na kamati, wala barua yenye muhuri.

Kazi yangu ilikuwa kujua mambo haya, kwa hiyo nikamwuliza, "Mama, walikuombaje mpaka ukakubali?"

Akanishangaa. "Kuomba nini?"

"Watu watano, mama. Walikuambia nini?"

"Hawakuniambia kitu," akasema. "Walikuwa wamelowa."

Nilisubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kibandani kabla ya malori, pamoja na mama mdogo na Butoyi, amejifunika blanketi lake. Wengine wataeleza vizuri zaidi namna mama yule alivyompokea mtoto. Mimi nilikuwa naangalia vikombe. Aliweka viwili chini. Bukuru na Butoyi wakatazamana, kisha wote wawili wakashika kikombe kimoja, wakaanza kukigombania kwa nguvu mpaka uji ukamwagika. Yule mgawaji aliyekuwa ananung'unika alikuja mwenyewe na ndoo, akavijaza vyote, akavijaza tena.

Baada ya hapo nilifanya kazi ile miaka mingi, watu wakaja na kurudi kwao, wakaja tena. Nilipata akili kidogo kidogo. Niliomba kwa mtoto mmoja, lakini kila mara niliuliza kwanza nani mwingine hayupo. Mzee Lubunga hakuwahi kutoa dagaa hata mmoja mpaka alipofariki. Kila nilipopita alisema, "Siku ile nilikwenda kuangalia nyavu," nami nilimjibu, "Najua, mzee. Bei ilikuwaje?" Bi Tausi aliniachia kapu na taulo, akaniusia nisilitoe. Mama Skola bado yupo sokoni, na bado anawaeleza wateja habari ya Mnyamwezi aliyemwombea pacha mmoja. Kila mwaka nazidi kuwa mjinga ndani ya habari ile.

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi. Waliniandalia soda na hotuba, na mwenyekiti wa sasa naye akasema "maelfu". Kesho yake asubuhi nikaamka bila pa kwenda, nikabeba kapu ili mkono usikae mtupu, nikashuka Kibirizi kutazama tu. Mtumbwi ulikuwa unapakia kwenda kusini. Nikapanda.

Njiani mawimbi yalitupiga, na mimi nilikaa mbele kwa udadisi wangu uleule, kapu nimelisukuma chini ya turubai la mizigo. Nikashuka alasiri kwenye kijiji cha tatu kutoka Malagarasi. Nyumba za bati sasa zimekuwa nyingi, lakini ile ya Mama Feza niliijua. Nilipanda mlima nikijiandalia maneno. Miaka yote nimewaombea wengine, sikuwahi kujiombea mimi mwenyewe pa kulala, na niliona nifanye kazi safi: nitaje kitu chenye jina, chumba kimoja, wiki mbili, nisimame pembeni ya mlango, nisiseme "lakini".

Nikabisha. Nikasimama pembeni. Akafungua yeye mwenyewe, amezeeka, mgongo umeinama, macho yaleyale. Sidhani alinitambua.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mstaafu kutoka Kigoma, na ninatafuta—"

"Marahaba," akasema. "Umelowa."

Akanipisha mlango. Alinyoosha mkono ndani ya kapu langu, akachukua taulo la bluu lililokuwa juu, akalikung'uta mkunjo wake wa dukani, akanirushia kifuani.

"Jifute. Chumba ni kile cha nyuma."